Paja langu na daktari wa mnadani

Mama mkwe wangu anaijua shubiri kuliko mimi ninavyojijua. Anakata jani, analisimamisha ukutani mpaka yale maji ya njano yachuruzike yaishe, maana hayo yanawasha, halafu anapaka ule ute mweupe. Nusu ya kijiji amewakausha vidonda kwa njia hiyo. Sasa mimi, nilipojikata na panga nikikata miiba ya kuzungushia zizi, nilienda kwa nani? Kwa tapeli wa mnadani.

Sababu ni moja tu. Nilijikata pajani, na kwetu mwanaume hamwoneshi mama mkwe wake paja, bora lioze. Likaanza kuoza kweli.

Yule bwana wa mnada wa Issuna alikuwa na kipaza sauti na koti jeupe lenye doa la mchuzi mfukoni. Alisema unga wake una kemikali za mizizi kumi na miwili, unashusha uvimbe, unakausha kidonda, na unarudisha mke aliyekimbia. Mtu mwenye akili angejiuliza: hiyo dawa ikifika mwilini inajuaje ianze na kidonda au na mke? Lakini mimi niliishia kidato cha pili, kwenye picha ya panzi ya baiolojia. Niliposikia "kemikali" nikavua kofia. Nikabeba makopo mawili, na mke wangu wala hakuwa amekimbia.

Siku ya nne ya kuupaka, paja limevimba kama kibuyu, goti halikunjiki. Mke wangu akamwita mama yake. Mama mkwe akakaa nje ya dirisha, mimi ndani kitandani, mke wangu katikati kama karani wa baraza.

"Muulize mumeo, kinanuka?"

"Shikamoo mama. Kidogo tu."

"Marahaba. Mwambie huku nje tunakisikia."

Mke wangu akafunua shuka. "Mama, kuna mstari mwekundu unapanda kwenye kinena."

Nje mama mkwe akasimama.

"Shubiri ni ya kidonda kibichi," akasema. "Hicho kimeshaoza. Tafuta bajaji apelekwe zahanati sasa hivi, la sivyo huo mguu atauzika."

Zahanati, muuguzi akasema kidonda kifunguliwe kioshwe, ndugu aingie anishike mguu. Mke wangu akiona damu anaanguka. Akaingia mama mkwe. Paja halikufichika tena, basi nikaficha uso kwa kofia.

"Tulia, baba. Nimezaa wanaume watano, paja lako halina jipya."

Muuguzi akauliza nilipaka nini. Nikanyoosha kopo la ule unga, uso bado uko kwenye kofia. Nikasikia mama mkwe analifungua, ananusa.

"Majivu," akasema. "Kwangu yamejaa jikoni, baba. Ungeomba."

Mguu ninao. Siku hizi akija kutusalimia namwamkia nimevaa suruali mbili, na yeye ananiitikia huku anaangalia jikoni.