Fausta, mkwe wake na mashine mbili za tezi dume

Ni asubuhi mjini Ifakara. Fausta ameinama kwenye sinki, anapitisha brashi nyembamba ndani ya bomba la chuma lenye unene wa kalamu. Analielekeza dirishani, anachungulia, anakunja uso, anaosha tena. Pembeni yake lipo bomba jingine ambalo mgeni hawezi kulitofautisha na hilo.

"Ukiniuliza lipi zuri, utaniumiza kichwa bure," anasema.

Fausta huosha na kutakasa vifaa vya upasuaji kwa mvuke katika hospitali moja ya mji huu. Mabomba haya mawili ni ya mashine mbili zilizoletwa hivi karibuni kwa majaribio. Daktari akishaimenya tezi dume iliyovimba kwa miale ya leza na kuisukuma ndani ya kibofu, mashine huikatakata na kuvuta vipande nje, bila kupasua tumbo. Kisu cha moja huzunguka. Cha nyingine huenda mbele na kurudi nyuma.

Madaktari wanazilinganisha, na Fausta ameombwa aseme ipi inasafishika kirahisi. Hilo halimsumbui. Kinachomsumbua kiko Chita, kwa baba mkwe wake, Mzee Wendelin.

Mkulima huyo wa mpunga anatembea na mpira wa mkojo tangu mavuno yaliyopita. Amepangiwa upasuaji wiki ijayo katika hospitali hiyo ya Ifakara, lakini ameapa hapandi treni mpaka mkamwana wake amwambie mashine ipi ni bora. Kwa mzee, anayeosha vifaa lazima ajue jinsi vyote vinavyofanya kazi.

Tatizo ni kwamba kwa desturi ya ukoo wao, mkamwana hazungumzi na baba mkwe mambo ya chini ya kiuno. Hata shikamoo, Fausta huitoa akiwa ameangalia pembeni. Kwa hiyo ujumbe unapitia kwa mama mkwe, Margareta, kwa simu.

"Nilimwambia mama, moja kisu kinazunguka, nyingine kinakwenda na kurudi," anasimulia. "Mama akamfikishia baba kwamba kisu kitazunguka tumboni, kisha kirudi kumalizia. Baba akasema yeye si mpunga wa kupelekwa mashineni."

Fausta anacheka mpaka anashika sinki. Kisha anafuta macho, na safari hii si kwa kicheko.

"Juzi juzi mpira uliziba. Alilia kama mtoto, mzee yule! Ukiziba tena mvua zikiwa zimeharibu njia, tutamfikishaje huku?"

Akaenda kwa Dkt. Fidelis, mmoja wa wanaozilinganisha, aliyemwambia ile ya kuzunguka inampa yeye daktari amani, haimtishi kwamba itang'ata ukuta wa kibofu. Akaenda kwa Dkt. Noela. Huyo akasema kwake ile nyingine humaliza upesi, na mzee hafai kulala sana kwa dawa ya usingizi.

"Nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia," anasema Fausta.

Mwandishi wa makala haya naye alikwenda kuwauliza, akidhani msomi hawezi kupotea kirahisi hivyo. Alitoka akiwa amepotea vilevile.

"Mkono wa anayeishika mashine nao una nafasi yake," alisema Dkt. Fidelis. "Tungekuwa tunajua, tusingekuwa tunalinganisha."

Jirani za Fausta hawamwamini anaposema hajui. Mmoja alimnunia kabisa, akidhani anaificha mashine nzuri kwa ajili ya ndugu zake.

Jumapili baada ya misa, Fausta atapanda treni kwenda Chita. Safari hii hatamtuma mtu. Mumewe, Jofrey, amemuuliza mara mbili kama ana hakika. Mama mkwe, kwenye simu, aliuliza tu atafika na treni ya saa ngapi.

"Naona aibu hata sasa, nikifikiria," anasema. "Lakini nitakaa mbele yake, nimwangalie. Nitamwambia, baba, ipi bora sijui, na madaktari nao bado hawajajua. Ninachojua, mpira huu utakuua, na mimi siko tayari kukulilia. Vaa viatu, twende stesheni."