Maneno Niliyomzulia Bi Hina

Mwanangu, ujinga wangu mkubwa kuliko wote niliufanya nimekaa kitako mbele ya televisheni, kikombe cha kahawa mkononi. Wenzangu wakikosea huwa wamekwenda mahala. Mimi nilikosea bila ya kuvuka kizingiti. Mtu wa ndani mimi, unanijua. Mpaka leo nikiambiwa kesho twende Maskati, kichwa huanza kuniuma leo.

Nakwambia habari za miaka ya thamanini, hapa hapa Ibra, Omani. Tulikuwa tumeshatoka Unguja tukatulia, umeme umefika, na bwana wangu alikuwa ameninunulia televisheni ili, kwa maneno yake mwenyewe, nisimalizie domo lote juu yake. Kila jioni majirani, watu wa Unguja kama sisi, wakija na sahani zao za tende na halwa. Kurani sote tukiisoma, lakini Kiarabu cha televisheni, kile cha mbio mbio, kiliwashinda. Mimi nilipita sekondari, na hapa nikaongeza masomo ya jioni, basi kazi yangu ikawa kuyasoma maandishi yanayopita chini ya picha na kuwaeleza kwa Kiswahili. Na maandishi yale hayangoji mtu. Hujamaliza hili, lile limekwenda zake. Nikiachwa nyuma nilijazia mwenyewe, na wallahi mara nyengine changu kilipendwa zaidi.

Kipenzi chetu alikuwa mcheza sinema mmoja wa Ayalandi, nywele nyekundu kama aliyelala na hina usiku kucha. Tukamwita Bi Hina. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Bi Nasra, akimwona juu ya farasi humsomea dua asianguke.

Jioni moja wakaonyesha kipindi cha maisha yake, mtu mzima sasa, kakaa kwenye kiti anahojiwa. Mwanzo nilisoma vizuri. Baba yake fundi viatu. Yeye alianza kazi kwa kuwashonea wachezaji wa jukwaani nguo, hata siku moja mchezaji akaugua, naye akavaa nguo ile ile aliyoishona akatoka mbele ya watu. Alipokwenda Uingereza wakamtaka abadilishe jina lake na lafudhi ya kwao, akakataa. Kisha zikaja sinema, zikaja sifa. Kisha akaolewa, akaacha yote, akakaa nyumbani kulea.

Hapo furaha ikanipanda, mwanangu. Mtu mashuhuri kama yule, kumbe wa ndani kama mimi! Nikaacha kusoma nikaanza kusema.

"Anasema alhamdulillahi, nyumba ilimtosha. Safari zote zile anasema zilikuwa tabu tupu. Mtoto wa kike asihangaike na mambo ya mbali."

"Mwenye akili huyo," akasema Bi Nasra, akajimiminia kahawa.

Na chini ya picha, nami nayaona waziwazi, maandishi yalikuwa yakisema mengine kabisa. Kwamba nyumba yake aliipenda, lakini kazi ilimkaa moyoni. Mtoto alipokua kidogo akarudi, akaanza tena chini, akipewa vijisehemu vya mama na vya bibi kizee, na hivyo ndivyo anavyojivunia kuliko vyote.

Nisilolijua ni kwamba Bi Nasra alikuwa hajakata shauri. Bintiye, Zuwena, alikuwa amepata nafasi chuo cha walimu Nizwa, alale huko huko bweni. Moyo wa mama ukienda, ukirudi.

Asubuhi yake Zuwena kanijia, macho yamevimba.

"Shikamoo, Bi Zahra."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Mama kakataa nisiende. Gari inatuchukua Jumamosi. Anasema hata Bi Hina, na sifa zake zote, kajuta kusafiri. Kweli kasema hivyo?"

Ningeweza kumjibu kuwa maandishi yalipita mbio. Nilimtazama yule mtoto, nikashindwa kumdanganya.

Ilikuwa Jumatano, mama yake yuko soko la wanawake akiuza vitambaa. Mimi ninayetuma watu hata chumvi, nikavaa buibui nikatoka. Bi Nasra aliponiona kati ya vitambaa na chupa za mafuta, akashtuka. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Bi Hina hakusema vile. Nilisema mimi."

Nikamweleza yote, mbele za watu. Mwanamke mmoja kwenye vitambaa akaangua kicheko. "Na yule farasi, naye ulimzua?"

"Farasi alikuwa kweli."

Bi Nasra hakucheka. "Kazini alirudi?"

"Alirudi."

"Na mwanawe?"

"Alikuwa naye."

Akafunga vitambaa vyake. Kabla ya kuondoka aliniambia neno, nitakwambia.

Jumamosi Zuwena alipanda gari. Akarudi mwalimu, na ndiye aliyewafundisha wanangu kusoma, na wewe mwenyewe ukakaa mbele yake. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikimwona anapita na mkoba wake. Namshukuru mwanamke wa Ayalandi asiyejua kama mimi nipo duniani. Na Bi Nasra namshukuru zaidi, maana jioni ile ile alikuja na sahani yake ya tende akakaa pale pale pake, ila tangu hapo kila nikisoma hunikazia macho.

Basi ninalokuusia ni hili. Maisha yako yapende. Mimi nyumba yangu naipenda mpaka kesho. Lakini mwenzio akiyaegemea macho yako, mwambie ulichokiona, usimwambie ulichokitamani. Mungu akufungulie milango, mwanangu, utoke kwa amani, na siku ya kurudi ukute kahawa ya moto.

Na lile neno la Bi Nasra pale sokoni, nalihifadhi kama alivyolisema:

"Zahra, wewe kaa ndani mpaka uote mizizi. Mwanangu usinikalishie."