Rubani Aliyeulizwa Amelalaje

Wewe ungepanda ndege ambayo rubani wake anasinzia? Juzi, kwenye uwanja wa ndege, rubani wetu alikuwa anapiga miayo mbele ya kikombe cha kahawa. Bibi mmoja wa Ihanda, mjukuu mgongoni, akamsalimia kama tunavyosalimiana huku Mbozi asubuhi.

"Umelalaje, baba?"

"Salama, mama."

"Wapi?"

"Nyumbani, Unguja."

"Na alfajiri umerushaje ndege kutoka Dar kuja huku?"

"Nilivuka na boti ya usiku. Nimezoea."

Sisi wasomi tukajifanya tunasoma simu. Bibi hakubanduka.

"Simpandishi mjukuu wangu mpaka unijibu. Humo kwenye boti ulilala?"

Rubani akavua kofia.

"Sikulala, mama. Kazini nimesaini kwamba nimepumzika."