Ubao wa Kukatia Mkia

Rafiki yangu huyu tulimwita Randa, kwa ajili ya ile randa ya kulainishia mbao ambayo haikumtoka mkononi tangu ujana wake. Alikuwa seremala wa milango. Mtaani kwetu ukisikia mlango unafungwa taratibu, bila kukwaruza wala kugonga, basi huo ni wake. Alikuwa mtu wa utani, mwenye sauti nene, na akicheka mabega yote mawili yanapanda.

Mimi nilikuwa kinyozi, na kinyozi humwona mtu kwa karibu sana. Randa alipokaa kitini kwangu nilianza kuona ukungu ndani ya macho yake, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga. Siku moja nilimshikia kioo cha nyuma aone kisogo. Akatazama, akasema, "Safi kabisa, Kinyozi, umenirudisha ujanani." Kumbe kioo nilikuwa nimekishika upande wa mgongo. Nikakiweka mezani, nikamkung'uta nywele shingoni.

Mkewe naye alikuwa na kabati la vyombo alilotengenezewa na mumewe, mlango wake haukukubali kufunga. Aliufunga kwa kitambaa. Mumewe alipopapasa kile kitambaa na kuuliza, alijibiwa kwamba vyombo vinahitaji hewa. Ndivyo tulivyoishi naye kipindi kile, kila mtu na uongo wake mdogo.

Sasa niseme habari ya boti. Ilikuwa yetu watatu: Randa, aliyeiunda kwa mikono yake, mimi, na Dereva, aliyestaafu malori, kaka wa mke wa Randa. Tukipata siku njema tunakwenda kuvua taa, yule samaki bapa anayelala mchangani kama mkeka. Taa ana mkia mrefu, na juu ya mkia kuna mwiba wenye meno ya msumeno na sumu. Ukimwingiza ndani ya boti na mwiba wake, umemkaribisha adui sebuleni. Kwa hiyo tuligawana kazi. Dereva alivuta mshipi. Mimi nilimshika samaki ubavuni kwa kulabu. Randa alikuwa amepigilia ubao mnene nje ya ukingo wa boti. Hapo aliulaza mkia, akaupapasa kwa mgongo wa panga mpaka aguse mwiba, kisha akakata mbele yake, upande wa mwilini, mwiba uondoke na mkia. Akishamaliza anasema, "Hana!" Hilo neno ndilo lilikuwa sheria yetu. Bila "Hana" samaki haingii, na likishasemwa hakuna anayekagua tena, maana mikono yote imejaa.

Siku moja kabla ya safari, Dereva alikuja kibandani kwangu, akakaa kama anayetaka kunyolewa.

"Dada analia kila tukitoka," akasema. "Anataka nimwondoe mumewe kwenye boti."

"Mwambie, basi."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye unayemshika kichwa."

Tukacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wote tulijua kwamba karakana Randa alikuwa ameshaifunga, na kilichobaki ni boti tu. Ukimtoa humo, umemwachia kiti na redio.

"Kesho tumwachie mkia kama kawaida," Dereva akasema. "Akikosea atajionea mwenyewe. Hakuna atakayelazimika kumwambia."

"Na akikosea, ataumia nani?"

"Wewe nawe! Hatakosea hivyo."

Asubuhi bahari ilikuwa imetulia. Randa alikaa mbele, chupa ya chai ya mkewe katikati ya miguu, akimsimanga Dereva kwamba anaendesha boti kama bado ana kontena mgongoni. Tukatia nanga penye mchanga, tukatupa ndoana zenye chambo cha ngisi. Tukangoja. Jua lilikuwa limepanda mshipi wa Dereva ulipoanza kuvutika chini polepole, bila kustuka, kama mtu anayeegemea.

"Huyo!" Randa akasema. Hakuwa ameuona mshipi. Aliisikia boti ikilala upande.

Taa akishanasa hujigandisha chini, na ukivuta kwa hasira unakata mshipi tu. Randa alisogea, akaugonga mshipi kwa kidole, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Akagonga, akangoja, akagonga. Samaki akakereka, akajinyanyua.

"Shemeji, huyu ni mlango!" Dereva akapiga kelele, anavuta, jasho linamtoka.

"Basi mlete kwa fundi!"

Alikuwa mpana kweli. Nikamtia kulabu, mikono ikaniuma. Randa akaukamata mkia kwa kitambaa kizito, akaulaza ubaoni, akapapasa kwa mgongo wa panga. Niliiona sura yake ikitulia, ametulia kama zamani akiwa juu ya bawaba. Panga likashuka mara moja tu.

"Hana!"

Tukamvuta ndani. Yule samaki akajipindua mara moja, kile kipande cha mkia kilichobaki kikapiga, na Dereva akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mwiba ulikuwa umezama kwenye shavu la mguu wake, ukatoka umeacha mlango wazi wa damu.

Dawa ya haraka ya sumu ile ni maji ya moto, ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia. Tulikuwa na chai. Nikammiminia chai ya dada yake mguuni, sukari na yote, naye akipiga kichwa kwenye ubao wa boti.

"Nilimwambia dada!" akawa analia. "Nilimwambia leo ndiyo mwisho, leo atajionea mwenyewe!"

Mkono wangu ukasimama na chupa hewani.

"Ulimwambia nini dada yako?" Randa akauliza.

Nikarudi kwenye mguu, nikamimina chai iliyobaki. Randa akainama, akamtafuta samaki kwa mikono, akakifikia kile kipande cha mkia, akakipapasa kwa kidole gumba.

"Alikuwa na miwili," akasema. "Nimeupata wa nyuma. Wa mbele nimeuacha."

"Wako hivyo wengine," nikasema. "Yeyote angeweza kukosea."

"Mwenye macho angeuona, Kinyozi." Akamgeukia Dereva. "Kwa hiyo, shemeji, ulikuwa unanipima? Umekosa kipimo kingine, ukaleta mguu wako?"

Nikaiendesha boti mimi mpaka tulipofika; Randa alikaa mbele, ametupa mgongo. Mkewe alikuwa akisubiri ufukweni. Alipoona damu alimkimbilia mumewe kwanza, akamshika miguu yote miwili.

"Si mimi," Randa akamwambia. "Ni yule uliyepanga naye."

Dereva alishonwa zahanati, jeraha likachukua muda mrefu, na mguu haukurudi sawa. Nilipokwenda kuitazama boti, ubao wa ukingoni haukuwepo. Palibaki matundu ya misumari. Kingine chochote hakikuguswa. Hata panga lilikuwa limeachwa pale, limenolewa. Hatujavua taa tena. Akinasa, Dereva ananitazama, nami namtazama, kisha tunakata mshipi.

Ule ubao Randa ameuweka mlangoni kwake, ngazi ya kuingilia. Kila anayeingia anaukanyaga, nao hutoa mlio, na yeye kutoka kwenye kiti chake hujua ni nani.

Wiki iliyopita tulikwenda kumsalimu. Nikakanyaga mimi. "Karibu, Kinyozi." Akakanyaga Dereva, mguu mmoja mzito, mwingine ukiburuzwa.

"Karibu, shemeji. Mguu bado unauma?"

"Umeshapona, shemeji," Dereva akasema.

Randa akageuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Vizuri," akasema. "Na macho yangu pia yamepona."