Taluti wa Darsait

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Idi imekaribia, duka la baba yangu kule mtaani Darsait limejaa watu mpaka mlangoni. Baba alikuwa fundi wa kanzu. Alianza na cherehani ya kuazima, akapanda mpaka wakubwa wa serikali wakawa wanamfuata yeye. Alijaaliwa, wallahi. Pembeni yake alikaa Khalfani, yatima ambaye baba alimlea na kumfundisha kukata kitambaa kwa mkasi wake mwenyewe, na mbele ya watu akamuahidi kuwa atamuoza mimi. Nami nilikuwa nishampenda, usinicheke.

Basi akaingia mteja wa miaka yote, akasema kwa sauti, "Mzee Salum, safari hii nataka anikatie Khalfani. Huyu keshakupita!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini mimi niliyepeleka chai niliuona uso wake umesawijika.

Tangu hapo Khalfani akisalimia, haitikiwi. Baba akawa kila siku anamtafutia kosa: mara kaharibu kola, mara anajitia bwana mkubwa. Mwisho baba akamfukuza, na ahadi akaivunja, akaniambia nitaolewa mji wa Sib na mtu mwingine. Nililia mpaka macho yakavimba.

Bibi yangu, mama yake baba, akamwita mwanawe akamkalisha chini.

"Salum, Taluti unamjua?"

"Namjua, Mama. Mfalme wa Bani Israili."

"Hakuwa na mali, hakutoka ukoo wa kifalme. Mungu akampa. Daudi, kijana tu wakati huo, akamuulia adui yake Jaluti, na Taluti akamuoza bintiye. Watu wakaanza kumsifu Daudi. Lo! Kusikia tu, Taluti akataka kumuua. Wazee wetu wanasimulia kuwa Daudi, silaha mkononi, alimkuta siku moja amelala, na hakumgusa. Taluti alikuja kujuta, wakati umeshapita. Akafia vitani pamoja na wanawe, ufalme akaushika Daudi yule yule. Sasa wewe, akisifiwa mtoto uliyemfundisha mwenyewe, umepungukiwa na nini?"

Baba akainamisha kichwa. Lakini kwenda kumwita Khalfani, hakwenda. Nikaolewa Sib. Khalfani akafungua duka lake, wateja wakamfuata mmoja mmoja, na baba akabaki na cherehani zake zimefunikwa shuka.

Siku aliyofariki, maiti haijaoshwa, tukasikia hodi. Khalfani! Hakuna aliyemwita.

"Sanda imeshakatwa?" akauliza.

Akaenda dukani kwa baba akauchukua ule mkasi aliofundishiwa. Nikamfuata, nikamwona kupitia dirisha la duka, anakata polepole, machozi yanamwagika, anageuza uso yasiangukie kitambaa. Nilimlilia baba yangu, na nilimlilia pia Khalfani, maana baba aliondoka duniani bila kumwambia hata neno moja la radhi.

Nakwambia haya kwa sababu juzi umepewa ukubwa ofisini, na jana nimekusikia unamteta kijana uliyemfundisha kazi, ati kwa kuwa kasifiwa kikaoni. Cheo umepewa, mwanangu, hukuzaliwa nacho. Mpigie simu leo, na ukikaa na wakubwa wenzako, uwe wa mwanzo kumtaja kwa wema. Usingoje ujute kama Taluti, usingoje kama baba yangu.

Mungu akukunjulie kifua, akulinde na husuda yako mwenyewe, na siku yako ikifika, atakayekukatia sanda awe mtu mliyeagana kwa radhi. Amin.