Daraja la Meza Kuu

Sisi Watanzania tukiona kitu kidogo kinakwenda vizuri, hatulali mpaka tumekiundia kamati. Nasema hivi kwa hasira, na hasira yangu ni ya haki, kwa sababu kamati ilinikuta nimekaa zangu sakafuni na watoto, katika ukumbi wa jumuiya yetu ya ughaibuni, kule Thamesmead, tukijenga kwa matofali ya mbao.

Siku za kazi mimi ni msaidizi wa mwalimu wa chekechea. Jumamosi nilikuwa nawakusanya watoto wa wenzetu, wa miaka minne mitano, wazazi wao wakiwa kwenye zamu za kulea wazee au kusafisha ofisi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kunyamaza. Mtoto anajenga, kinaanguka, anakuna kichwa, anajenga tena. Uhandisi wote wa umri ule uko hapo, na adui yake ni mtu mzima mwenye mikono inayowasha.

Kati yao alikuwapo binti wa miaka mitano, mama yake Mkongo. Kiswahili alikisikia chote, na Kiingereza ndicho alichojibia. Hapa nampa Kiswahili ili tuelewane. Alikuwa na jambo moja tu duniani: daraja. Minara miwili, juu yake vibao virefu viwili, kila kimoja kikitokea upande wake, vikutane katikati, halafu kilori cha mbao kipite. Kila Jumamosi kilori kilifika katikati, na daraja likaporomoka. Aliinama, akapakodolea macho pale katikati, akapanga upya. Sababu niliijua. Nikaung'ata ulimi. Alikuwa amekaribia, na nilitaka akifika, afike kwa miguu yake mwenyewe.

Ndipo mwenyekiti wa jumuiya alipopita kuchukua viti, akatuona, akapiga picha. Kufika jioni kundi la WhatsApp lilikuwa linawaka moto. Kumbe nilikuwa na "Wahandisi Wetu wa Kesho" bila kujua! Nikakuta nimeteuliwa mjumbe wa kamati kuu, chini yake kamati ndogo ya chakula na kamati ndogo ya mapambo, na mjadala mkali kuhusu rangi ya kitenge cha sare. Kuhusu matofali hakuuliza mtu.

"Dada Mwalimu," mwenyekiti akanipigia, "tunafanya launching. Mgeni rasmi tumempata, engineer kabisa, wa reli. Tutazindua lile daraja la yule mtoto."

"Lile daraja huanguka, kaka."

"Sasa kamati ni ya nini?"

Siku ya sherehe niliwahi. Meza zote za ukumbi zilikuwa zimeunganishwa na kuvikwa satini, zimekuwa meza kuu. Katikati yake lilisimama daraja la binti yule, limenyooka kuliko alivyopata kulinyoosha yeye. Nikalisukuma kwa kidole. Halikutikisika. Mwenyekiti alikuwa amelipaka gundi ya mbao kila kiungo, kwa mkono wake, na ubavuni akabandika bamba linalong'aa lenye majina ya wanakamati wote. Chini kabisa liliandikwa: pamoja na watoto.

"Hatuwezi kuaibika mbele ya mgeni," akaniambia.

Niliwaka. Nilimwambia amemwibia mtoto daraja lake. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekuja harusini bila kadi ya mchango.

Watoto walikalishwa mstari wa nyuma, wakakatazwa kugusa. Mgeni rasmi alichelewa, kama inavyompasa mgeni rasmi. Ikasomwa risala. Walioombwa kusema machache wakasema mengi, kila mmoja akianza kwa kutuhakikishia kwamba itifaki imezingatiwa. Mwishowe utepe ukakatwa, mgeni akasukuma kilori, kikavuka daraja zima, na akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni akamwita binti mbele, akamwinamia na kipaza sauti.

"Hongera, mama. Umelijengaje?"

"Sikulijenga mimi," akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Langu linaanguka."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mshereheshaji akatutangazia kwamba mnaona watoto wetu walivyo na unyenyekevu, tukahamia kwenye pilau.

Jumamosi iliyofuata mama yake binti alinivuta pembeni. "Mama, mutoto yangu hapendi tena kuya huku. Anasema hakuna tena kitu ya kujenga."

Na kweli hakikuwapo. Vibao virefu vyote tulivyokuwa navyo vilikuwa vimegandishwa ndani ya daraja la kamati, na daraja lenyewe limekaa juu ya kabati la ukumbi, likifutwa vumbi. Roho iliniuma, kisha ikachemka. Nikapanda kiti, nikalishusha, nikalibeba mpaka jikoni, nikalizamisha kwenye sinki la maji ya moto. Gundi ile haipatani na maji ya moto. Watoto walizunguka sinki wakishangilia kila kiungo kilichoachia. La kwanza kung'oka lilikuwa lile bamba.

Binti alisimama mlangoni, hajavua hata koti. Kibao kirefu cha kwanza kilipotoka, alikuja akakichukua, akakifuta kwa koti lake, akaenda nacho sakafuni. Cha pili alikingojea akiwa amenyoosha mkono.

Daraja lilikuwa limesimama tena mwenyekiti alipoingia, kwapani ana fremu ya picha ya uzinduzi. Akaona sinki. Akaona bamba lake kwenye kisahani cha sabuni. Nikaweka mikono kiunoni, nikasubiri vita. Lakini mtoto mwingine alikuwa ameshaanza kukisukuma kilori juu ya daraja, na mwanamume yule, Mungu amsamehe, hawezi kuona kitu cha jumuiya kinatikisika. Aliitupa fremu kwenye kiti, akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili alidake.

Binti akampiga kofi mkononi.

"Acha, anko! Liache lianguke. Nataka kuona linaanzia wapi."

Mwenyekiti akabaki na mikono hewani. Kilori kikafika katikati, daraja likaporomoka mbele ya magoti yake. Safari hii binti hakutazama katikati hata kidogo. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu sakafuni, macho yake kwenye ncha ya nyuma ya kibao, ile iliyolala juu ya mnara, pale ambapo hakuna aliyekuwa akipaangalia.

"Linainuka huku nyuma kwanza," akasema, akanyoosha mkono bila kugeuka. "Anko, nipe tofali zito."