Somo la Vijidudu na Maji ya Mihogo

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia shule moja ya Titye, huko Kasulu, viatu vimejaa udongo mwekundu, nikakuta mwalimu mkuu ameniwekea chaki mbili na kitabu kimoja mezani. "Madamu, utafundisha sayansi," akasema. "Kariri, karirisha, mtihani upite." Nilikuwa msichana wa Njombe, nimekuzwa kwa mahindi na viazi, na nilikuwa na haraka na kila kitu. Mpaka leo sijajua kutulia. Haya nayaandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati la vyombo.

Kabla ya kipindi tuliandika andalio la somo, yaani unafundisha nini, kwa zana zipi, na utajuaje kama mtoto ameelewa. La kwangu lilijaa ukurasa mzima, nikajiona mwalimu kweli. Hakuna mstari ulionitaka nieleze kama mimi mwenyewe nimeelewa.

Mwaka wangu wa pili nikafika kwenye somo la vijidudu, darasa la sita. Nikasema maji yanayonuka yamejaa vijidudu, na chakula kilicholala humo si salama. Bukuru akanyoosha mkono. Hilo ndilo jina Waha wanalompa pacha anayetangulia kuzaliwa, na msichana huyu alitangulia katika kila kitu.

"Hata maji ya mihogo, madamu?"

"Hata ya mihogo," nikajibu, nikageukia ubao.

Mama yake alikuwa akivundika mihogo kwenye madimbwi ya kijitoni, anaiacha majini siku nne, tano, kisha anaianika, anaisaga mashineni na kuuza unga sokoni Kasulu. Kilikuwa kiwanda hasa, kimekosa kibao tu. Mimi nilipita pale kila asubuhi nimeziba pua.

Wiki chache baadaye Mama Bukuru akaenda msibani Buhigwe, akamwachia binti nyumba. Bukuru akailoweka mihogo usiku mmoja tu, akaiosha kwa maji safi ya bomba, akaianika, akaisaga, akawasongea ugali pacha wake Butoyi na wadogo zao wawili. Yeye alikula kidogo, maana alikuwa akipakua. Jioni ile wale watatu walitapika, na Butoyi akashindwa kusimama.

Niliposikia nilikimbia zahanati. Tabibu alikuwa amekwisha kuwatundikia dripu. "Hii ni mihogo michungu, ina sumu," akasema. "Sumu inatoka mihogo ikivunda majini vizuri. Nani amewaambia waharakishe?"

Bukuru akanionyesha kwa kidole. "Madamu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wote watatu walipona, Butoyi akiwa wa mwisho, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini Bukuru hakurudi shuleni. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Sikuweza kula wala kusahihisha madaftari. Hatimaye nikashuka kijitoni, nikamkuta mama yake ameingia majini hadi magotini, nikamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, madamu." Hakuinua uso. "Mwanangu alikusikia wewe kuliko mimi. Sikasiriki kwa hilo, ndiyo maana nilimpeleka shule. Lakini wewe, ulimwuliza nani?"

Tuliwaimbisha watoto kwamba kuuliza si ujinga, na wimbo wenyewe haukutuhusu sisi walimu.

"Nirudishie mtoto, mama. Ana akili."

"Oya, hapana. Kwanza useme mbele yao wote, kama ulivyosema lile la mwanzo. Ndipo atarudi."

Nilipomweleza mwalimu mkuu, alivua miwani. "Ukikiri kosa mbele ya watoto, kesho nani atakusikiliza? Nakukataza. Na yule mama hata kusoma hajui, atafundisha nini?"

Nilizunguka nyumba ya walimu siku mbili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya tatu nikalipeleka darasa zima kijitoni bila kibali. Mama Bukuru akaibua mhogo mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba. "Ganda likiachia lenyewe, imyumbati, hii mihogo, imeiva. Ikiwa migumu, rudisha majini. Usiifanyie haraka." Nami nikasema kwa sauti ileile ya darasani: nilikosea. Vijidudu vya maji haya ndivyo vinavyoulainisha mhogo hadi sumu itoke. Nilisema nisilolijua, na watu nusura wafe. Mtoto mmoja alicheka, wengine wakanitazama tu.

Jumatatu Bukuru alirudi. Alikaa dawati la nyuma, akafaulu kila jaribio hadi akamaliza darasa la saba. Hakunyoosha mkono tena katika somo langu, hata mara moja.

Baada ya hapo mimi nilipata barua ya uhamisho kwenda Kasanda. Huko nikajiwekea sheria: siandiki andalio mpaka nimekwenda kwa mwenye kazi. Joto nililifundishia kwenye tanuri la matofali, mvuke na moshi kwa warina asali, asidi na besi kwa akina mama wapika sabuni ya mawese. Afisa elimu mmoja aliyetoka Kibondo alitukuta tanurini, akachukia. "Madamu, ratiba inasema uko darasani. Unafundisha au unatembea?"

"Nauliza, mheshimiwa."

"Kuuliza hakumo kwenye ratiba," akasema. Lakini alibaki, akamwuliza fundi kwa nini tofali la katikati huiva kuliko la nje.

Sasa nimestaafu, naishi Kasulu. Walimu vijana huja kunisifu, eti mimi ndiye niliyeunganisha sayansi na viwanda vyetu, wanataka niwape mbinu. Nawakaribisha chai, wanakaa, mimi nasimama. Unga nanunua kwa Bukuru, ambaye ana mashine yake mwenyewe. "Shikamoo, madamu," anasema, ananipimia, ananipa. Ni mwenye adabu sana, na inaniuma.

Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, mambo maelfu, yote kwa sauti ileile ya kutoshuku. Kosa la mihogo nililijua kwa sababu liliwatapisha watoto watatu. Yako makosa mengine ambayo hayakumtapisha mtu. Yanaishi katika nyumba za watu huko Titye na Kasanda, wanawaambia watoto wao kuwa madamu alisema, nami siyajui ni yapi.